Maswali na majibu: Wanafunzi walikuja kijijini, nani anajua kilibadilika nini?

Wasomaji wangu, mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote zinazunguka jambo moja, zile safari za wanafunzi wa vyuo kwenda kusaidia jamii, na vile mtu anaweza kujua kama zinasaidia kweli. Zimetoka Kisumu, Kakamega, Nakuru mpaka kule Nyando, kwa hivyo nimeamua safu yote ya leo iwe ya hizo. Wengi mnajua kabla sijaanza kuandika hapa nilisimamia safari kama hizo miaka kadhaa, na hili jambo bado liko karibu na roho yangu, sasa mnivumilie mahali nitakapoenda kirefu.

SWALI: Mwalimu, habari ya kazi. Mimi ni lekchara kwa chuo kimoja hapa Kisumu. Kila semista tunatoa wanafunzi kama 60 wanaenda Nyalenda, Manyatta na Obunga, wengine wanafundisha mambo ya usafi, wengine wanasaidia kwa shule. Sasa mkuu wetu anataka ripoti ya matokeo. Nimekaa chini na faili nikaona nilicho nacho ni majina, masaa waliyofanya, na picha. Masaa ni mengi na picha ni nyingi lakini nikijiuliza nini kilibadilika sina jibu. Nipime nini na nianzie wapi?
Lekchara, Kisumu

JIBU: Mwalimu mwenzangu, hiyo faili naijua vizuri, nilikuwa na yangu. Ngoja nikwambie ilivyonipata. Tulienda mtaa mmoja hapa hapa Kisumu kufundisha watu kunawa mikono, tukabeba majerikeni 40 ya lita 5, yale ya mafuta ya kupikia, moja kwa kila nyumba. Ni ule mtambo rahisi, jerikeni linatobolewa tundu dogo karibu na shingo, linatundikwa kwa kamba katikati ya miti miwili, kamba nyingine inashuka mpaka kwa kijiti chini, ukikanyaga kijiti jerikeni linainama maji yanatoka, na pembeni unaning'iniza kipande cha sabuni ndani ya soksi kuukuu ili kuku asikibebe. Wanafunzi walichimba mashimo siku mbili kwa jua la Kisumu unalolijua, na ripoti yangu ikasema nyumba 40 zimefikiwa. Na ilikuwa kweli. Miezi mitano baadaye nikapita hapo kwa shughuli zangu zingine, nikasema hebu nihesabu. Nilipata 6.

Nikaanza kuuliza nyumba kwa nyumba. Mama mmoja akaniambia bila kunificha, shule zilifunguliwa na mtoto anatakiwa abebe maji kwenda shule kila asubuhi, na jerikeni la lita 5 ndilo mtoto wa gredi ya pili anaweza kubeba, sasa lenu lilikuwa limekaa tu hapo nje, akayeyusha plastiki akaziba lile tundu. Mwingine akasema maji ananunua kwa mtungi, hawezi kujaza la kunawa wakati ya kupikia hayajatosha, na akaniuliza kwa upole kwa nini hatukumuuliza maji anatoa wapi kabla ya kuchimba. Sikuwa na jibu. Halafu zile 6 zilizobaki, 5 zilikuwa kwenye ploti moja na ploti ya jirani yake, na hapo ndo alikuwa amepanga msichana mmoja mwanafunzi wetu, akirudi jioni kutoka chuo anapita anasalimia, mama, sabuni bado iko? Hakuna mtu alimtuma. Na kwenye fomu yangu hakukuwa na mahali pa kuandika hiyo, masaa yake yalisoma sawasawa na ya wenzake.

Kwa hivyo ukiniuliza nianzie wapi nitakwambia anzia hapo, kwa kile kinachobaki wanafunzi wakishaondoka. Masaa yanakuonyesha mlichotumia, majerikeni yanakuonyesha mlichofanya, na hayo yaandike tu, hayana ubaya, lakini mkuu wako ameuliza matokeo na matokeo yako kwa boma la mtu, hayako kwa faili.

Siku ya kwanza kabla hamjafundisha neno lolote, tembeeni mhesabu. Kama kazi ni usafi, ni nyumba ngapi ziko na mahali pa kunawia, maji yapo saa hiyo, sabuni ipo saa hiyo. Angalieni kwa macho, msitegemee kuuliza, manake ukiuliza mtu unanawa mikono atakwambia ndio, hata mimi ningekwambia ndio. Kama kazi ni kusomesha watoto, wape watoto aya moja wasome kwa sauti na uandike wanafika wapi. Halafu mrudi baada ya mwezi mhesabu vile vile, na mrudi tena baada ya miezi sita, hii ya pili ndiyo watu huiruka kwa sababu semista imeisha na nauli imeisha, na kwa maoni yangu ndiyo iliyo na ukweli. Kama pesa ni kidogo afadhali upunguze nyumba za kutembelea kuliko uiache hiyo safari ya miezi sita. Na mhesabu pia kwa mtaa wa karibu ambao hamkufanya kazi, kwa sababu kipindupindu kikiingia mjini au kaunti ikipita na kipaza sauti, kila mtu ataanza kunawa, na nyinyi mtajipongeza kwa kitu ambacho hamkufanya.

Sasa upande wa wanafunzi, hapo kuna mtego ambao ulinichukua muda kuuona. Tunapenda kuwapa hojaji kabla ya kwenda na ile ile wakirudi. Mwanafunzi hajawahi kukanyaga Obunga, unamuuliza kutoka 1 mpaka 5 unaelewa kiasi gani maisha ya watu wa mtaa wa mabanda, anajipa 4. Anaenda wiki sita, anaona vitu, anarudi anajipa 3. Ukikokotoa utaona ameshuka, utasema safari imemharibu, kumbe ndo ameanza kujua vile alikuwa hajui. Rula yenyewe imebadilika mkononi mwake. Watafiti walishaliona hili miaka mingi na dawa yao ni kwamba mwishoni unamuuliza mara mbili kwa karatasi moja, sasa uko wapi, na ukikumbuka ile siku ya kwanza ulikuwa wapi kweli. Hiyo nayo ina shida yake, anajua unataka kusikia kwamba amekua na atakupa unachotaka, kwa hivyo usiiache peke yake, weka kando yake kitu alichofanya, kitu cha kuonekana. Alirudi bila kutumwa? Alijifunza majina ya watu? Yule msichana wa ploti hata bila hojaji ningemjua kama ningekuwa nimeuliza.

Halafu jambo la kujichagua. Wanaojiandikisha kwenda jamii mara nyingi ni wale ambao tayari wana moyo huo, walikuwa kwenye klabu shuleni, wanaimba kanisani, nyumbani wamelelewa hivyo. Ukiwalinganisha na wenzao mwishoni utakuta wako juu na utasema ni programu yako, na walikuwa juu tangu mwanzo. Pima wote mapema, wanaoenda na wasioenda, ndipo uone nani amesonga kutoka alipokuwa.

Kule Marekani, Sherril Gelmon na wenzake wa Portland State University walitoa mwongozo wa kupima mambo haya mwaka 2001 na walisisitiza pande nne, mwanafunzi, mwalimu, chuo chenyewe, na jamii. Ukiangalia faili yako nafikiri utakubaliana nami kwamba ina mwanafunzi peke yake na hata huyo ni nusu. Na tangu 2006 kuna ule utambulisho wa Carnegie, taasisi ya elimu ya huko, ambao vyuo vya huko vinauomba vyenyewe ili vitambuliwe kwa kazi na jamii, na moja ya maswali wanayoulizwa ni kama wana utaratibu wa kudumu wa kusikia jamii inawaonaje. Utaratibu, si kumpigia mzee wa mtaa simu wiki ya ripoti.

Hapo ndo ningekuomba uweke nguvu. Mtu wa kuuliza watu wa Nyalenda asiwe wewe na asiwe mwanafunzi aliyewatembelea, kwa sababu sisi ni watu wa heshima kwa wageni, mama hawezi kukwambia usoni ulinipotezea Jumamosi. Tafuta mtu wa chama chao, au wa kanisa, awaulize bila nyinyi kuwepo, na awaulize pia iliwagharimu nini. Hili la gharama hatulitajagi kabisa. Mama wa omena anafunga kibanda asubuhi nzima kuja kukaa kwenye kiti cha plastiki asikilize vijana, hiyo ni pesa yake imepotea, nayo iandikwe kwa ripoti pamoja na masaa ya wanafunzi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Usijaribu kupima vitu ishirini, utachoka na utarudi kwa masaa na picha. Chagua viwili ambavyo wenyeji wenyewe wamesema vinawauma, uvifuate mwaka mzima. Na ukipata 6 kati ya 40 andika 6. Mimi niliandika, na wiki mbili nilikuwa naogopa kuitwa ofisini, lakini ile ripoti ndiyo iliyotupatia ruhusa ya kubadilisha mpango, tukaanza kupeleka wanafunzi wachache kwa muda mrefu badala ya wengi kwa siku mbili. Tena una sababu ya kuharakisha. Watoto wa mtaala mpya walioingia gredi ya 10 Januari 2026 wana somo la huduma kwa jamii kama somo la lazima, na kundi hilo likimaliza gredi ya 12 mwaka 2028 litaanza kufika vyuoni 2029. Watakuja wakiwa wameshafanya hii kazi miaka mitatu na watajua upesi kama unacheza.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mzazi, niko karibu na Kakamega. Binti yangu yuko mwaka wa pili chuoni na kila Jumamosi anaenda kufundisha watoto hesabu kwenye kanisa fulani, anasema ni sehemu ya masomo. Karo nimelipa kwa kuuza ng'ombe. Je huu si muda anaopoteza angekuwa anasoma?
Baba mwenye wasiwasi

JIBU: Mzee wangu, wasiwasi wako ni wa haki, ng'ombe si kitu kidogo. Nikupe yale yanayojulikana. Mwaka 2000 Alexander Astin na wenzake wa chuo kikuu cha California kule Los Angeles walifuatilia wanafunzi 22,236 na wakaona waliofanya kazi ya jamii, hasa ikiwa imeunganishwa na somo, walikuwa mbele kidogo kwa alama, kwa kuandika na kwa kufikiri kwa kina. Mwaka 2011 Celio, Durlak na Dymnicki wakakusanya tafiti 62 zenye wanafunzi 11,837 na nao wakaona faida, kwa masomo na kwa tabia ya kujali jamii, faida ya wastani, na pale kazi ilipofungamana na darasa, wanafunzi wakasikizwa, jamii ikahusishwa na wakapewa nafasi ya kutafakari, ndipo matokeo yalikuwa mazuri zaidi. Hizo namba za Marekani usizichukue kama ni za Kakamega, lakini zinaonyesha kwamba Jumamosi yenyewe haiibi alama.

Cha kufanya ni rahisi. Akija nyumbani mkikaa jikoni muulize, mama, hao watoto hesabu inawashinda wapi? Akikueleza kwamba ni kugawanya, kwamba wanashika namba kichwani bila kuelewa, kwamba amejaribu na vifuniko vya soda ikasaidia, basi huyo anasoma hata siku ya Jumamosi. Akikosa cha kusema, muulize mwalimu wake somo gani hilo. Na matokeo yake ya semista uyaangalie, yakianza kushuka punguza Jumamosi ziwe mbili kwa mwezi bila kugombana naye.

Niongeze tu kitu kimoja kinachonisumbua. Tafiti zote hizo zinaangalia mwanafunzi alipata nini. Mwaka huo huo wa 2000 watafiti wawili, Cruz na Giles, waliuliza jamii iko wapi kwenye utafiti wote huu, na mpaka leo ukitafuta tafiti za kupima wale waliotembelewa utapata chache sana ukilinganisha. Hao watoto wa kanisani hesabu yao imepanda au haijapanda? Binti yako anaweza kujua, akianza kuandika leo.

SWALI: Habari Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu hapa Nakuru. Tulienda Kaptembwo kufanya usafi na kuongea na watu wa huko kwa wiki nne, mimi sikukosa hata siku moja, nimefukua mtaro na gumboti za kuazima. Alama zote zilitoka kwa insha ya kutafakari ya kurasa tatu. Mwenzangu alikuja siku moja tu akapiga picha, lakini anajua kuandika, alipata 18 kwa 20 na mimi nikapata 11. Hii ni haki kweli?
Mwanafunzi, Nakuru

JIBU: Kijana wangu, pole. Nimeisoma barua yako mara tatu. Wacha nianze na mahali ambapo pengine hutapenda. Alama zisitolewe kwa kufukua mtaro, hapo lekchara wako yuko sawa. Zikitolewa kwa masaa na jasho basi mwenye mgongo wenye nguvu ndiye atakuwa msomi, na mwenzenu mwenye ulemavu au anayefanya kazi usiku kulipa karo ataonekana hajali. Chuo kinatoa alama kwa ulichojifunza.

Lakini kilichopimwa kwenu si ulichojifunza, ni vile mtu anapamba sentensi, na siku hizi hata simu inaweza kupamba. Hapo umeonewa, na nitakuonyesha tofauti. Hii ni insha ya aina ninayoifahamu sana: "Safari hii ilinifunza unyenyekevu na umuhimu wa kujitolea, nimekuwa mtu tofauti." Inaweza kuandikwa na mtu aliyelala kitandani Nakuru mwezi mzima, hata Kaptembwo haimo ndani. Sasa tuseme mwingine ameandika: "Siku ya kwanza niliamini watu wanatupa taka kwa mtaro kwa sababu hawajali. Wiki ya pili mama wa kiosk akanionyesha kwamba lori la taka haliwezi kuingia kwenye kichochoro chao, wanalipa kijana wa mkokoteni, na kijana akiona barabara ya jaa ni mbali anamwaga usiku kwa mtaro ule ule. Kwa hivyo tulichokuwa tunafukua asubuhi kilikuwa kinalipiwa kurudishwa. Kama ningerudia ningeanza kwa kuongea na yule kijana wa mkokoteni." Kiswahili chake ni cha kawaida tu lakini huyo amejifunza, na mtu aliyekuja siku moja hawezi kukiandika.

Sarah Ash na Patti Clayton wa North Carolina wana njia ambayo walimu wengi hutumia, inaenda kwa hatua. Kwanza unaeleza kilichotokea bila kupamba, nani alikuwepo, alisema nini. Halafu unachambua ukitumia kile ulichosoma darasani, kama unasoma mazingira basi ulete somo lako la mazingira hapo kwa mtaro, ufuate maji ya mvua ya Kaptembwo yanavyoteremka kuelekea Ziwa Nakuru na yanabeba nini. Mwisho unasema umejifunza nini, umejifunzaje, kina maana gani, na utafanya nini tofauti. Mwalimu akipima kwa hatua hizo, mwenye maneno matamu bila kitu anabaki kwa hatua ya kwanza.

Ningekushauri uende ofisini kwa heshima, si kupigania 11 yako, umpelekee pendekezo. Mwambie mwaka ujao insha iwe nusu ya alama, na nusu nyingine iwe mazungumzo ya dakika tano na kila mwanafunzi, ikiwezekana pale pale mtaani. Mwalimu anauliza, ulikutana na nani, alikukosoa wapi, uliamini nini ukakosea. Dakika tano zinatosha kabisa, mtu aliyepiga picha akaondoka ataanza kuangalia viatu. Na yule mwenyeji mliyefanya kazi naye awe na karatasi fupi ya kujaza, maneno yake yaingie kwa alama, hata kama ni kidogo. Wengine watasema ni kazi nyingi kwa darasa kubwa. Ni kweli ni kazi, wanafunzi 60 kwa dakika tano ni masaa matano, na kusoma kurasa 180 za insha kunachukua zaidi ya hapo.

Kitu kingine, usiache hizo siku zako ziende bure. Wewe unajua ule mtaro, unajua umeziba wapi. Rudi mwezi ujao uone kama bado uko wazi, uandike tarehe. Hakuna alama hapo, lakini utakuwa mtu pekee wa darasa lenu mwenye jibu.

SWALI: Mwalimu hujambo. Mimi ni mhamasishaji wa afya ya jamii huku Nyando, nina nyumba kama mia moja za kutembelea. Kila mwaka wanafunzi wanakuja, hasa baada ya mafuriko, wanauliza maswali yale yale, mlipoteza nini, choo kiko wapi, watoto wanaharisha? Wanapiga watoto picha, wanatupatia soda, wanaenda. Miaka yote hiyo hakuna hata mmoja amewahi kurudi na majibu. Watu wameanza kunilaumu mimi kwa sababu ndiye ninawapeleka kwa nyumba zao. Niwafukuze?
Mama wa Nyando

JIBU: Mama, usiwafukuze, lakini una haki ya kuwasimamisha mlangoni kwanza. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na hawa wamekuwa wakija na mwenyeji haponi. Barua yako imeniuma kwa sababu mimi pia nimeleta wanafunzi mahali nikawaondoa na sikurudisha karatasi hata moja.

Kwanza ujue nguvu uliyo nayo. Mtu anayefanya utafiti Kenya anatakiwa awe na leseni ya NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, hiyo ni sheria tangu 2013, na barua ya chuo chake, mwambie akuonyeshe na umpeleke kwa chifu nayo. Kuna pia Sheria ya Kulinda Data ya 2019, taarifa za mtoto hazichukuliwi bila mzazi au mlezi kukubali, na picha ya mtoto anayejulikana uso ni taarifa zake. Mama mwenye nyumba akisema picha hapana, ni hapana, hata kama soda imeshafunguliwa. Wanafunzi wengi hawakatai ukiwaambia, hawajawahi tu kuambiwa.

Pili, hayo maswali ya choo na kuharisha wewe unayo majibu yake tayari. Tangu 2023 mlipopewa mikoba na simu mnaingiza habari za kila nyumba. Siwezi kukwambia uwape majina ya watu wako, hayo ni siri na yabaki siri, lakini mwambie mwalimu wao aende kwa ofisa wako pale zahanati aombe hesabu ya jumla ya kijiji, kisha wanafunzi waje na maswali ambayo hayajaulizwa. Watu wako watapumzika, na hao vijana watajifunza zaidi. Tena ile hesabu yenu ndiyo inaweza kuwaonyesha kama kazi yao imebadilisha kitu, kwa sababu ilikuwepo kabla hawajaja na itakuwepo wakienda.

Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret, shule yao ya udaktari tangu ilipoanza 1990 ina mpango unaitwa COBES, yaani elimu na huduma ndani ya jamii, wanafunzi wanapelekwa kwenye vituo vya afya vya mashinani wakasomee huko. Ninachokipenda hapo ni kwamba mwanafunzi anafungwa na kituo, na kituo hakihami. Omba hivyo kwa zahanati yako. Chuo kinachotaka kuja Nyando kichague zahanati moja na vijiji vyake kwa miaka kadhaa, kundi la mwaka huu likabidhi kundi la mwaka ujao daftari, na wewe uwe na nakala. Wakitaka kuruka kutoka kijiji hiki kwenda kingine kila mwaka ili picha ziwe mpya, waambie waende na Mungu.

Na kabla hujawapeleka kwa nyumba ya kwanza, kaa nao chini ya mti, wewe, mzee wa kijiji na mwalimu wao, muandike karatasi moja kwa Kiswahili au kwa Dholuo. Mnakuja lini, mnauliza nini, mtarudi tarehe gani kutusomea majibu. Tarehe iandikwe, iwe siku ya baraza la chifu ili watu wawe wamekuja tayari. Waweke sahihi. Siku hiyo wakija, hata kama ni wanafunzi wanne na karatasi mbili, wasimame waseme tuliuliza nyumba hizi, tulipata hivi, hapa tulikosea, na watu wawajibu. Yule mzee wa nyuma atakayesimama aseme hiyo ya choo si kweli, maji ya mafuriko yanaingia upande wa pili wa daraja, huyo aandikwe maneno yake kwa ripoti kama alivyosema. Wasipotokea, karatasi unayo, piga picha yake umtumie mwalimu wao, na mwaka ujao wakipiga simu waulize kwanza ile ya mwaka jana.